Siku Mashine ya Lameck Iliponyamaza

Kwa miaka thelathini na minane wanawake wa kijiji cha Haneti walikuwa na saa moja ya kuaminika, nayo haikuwa ya ukutani wala ya mkononi. Ilikuwa mashine ya kusaga ya Lameck Chilongani.

Mwaka 1987, siku alipofunga injini yake ya dizeli, Lameck alikata kopo la mafuta ya kupikia akalining'iniza kwenye mdomo wa bomba la moshi. Injini ilipowaka, kopo likaanza kudunda. Tuku-tuku-tuku, sauti ikapita juu ya mapaa, ikavuka korongo, ikafika mpaka kwenye vitongoji ambavyo ukitaka kuvifikia kwa miguu unatembea saa nzima kwenye mchanga. Huko ng'ambo, mwanamke anayepepeta uwele angenyanyua kichwa, asikilize, kisha ajitwishe debe lake aanze safari. Asiposikia kitu, alirudi kwenye ungo wake. Nani aende na mzigo kichwani mwendo wa kubahatisha?

Mkewe, Mwalimu Dorkasi, hakulipenda kopo lile hata siku moja. Yeye alisomea ualimu Mpwapwa, alijua hesabu na jiografia, na alisahihisha madaftari ya darasa la saba miaka yote hiyo huku kikombe cha chai kikitetemeka mezani. "Baba Evodia," alikuwa akimwambia mumewe, "mashine yako haina adabu. Inapiga kelele kama mlevi aliyenyimwa pombe."

Lameck alicheka tu. "Mlevi akinyamaza, mama, watu wanakwenda kumwangalia kama bado yu hai."

Dorkasi aliyaona maneno hayo kuwa mzaha wa mume. Laiti angeyatia akilini.

Lameck hakuwa tajiri, lakini alikuwa na jina. Katika mwaka wa njaa, watu walipoleta kibaba kimoja kimoja cha mtama wa msaada, alisaga na kukung'uta gunia mpaka vumbi la mwisho likaingia kwenye chombo cha mwenyewe. Unga uliobaki kwenye mashine hakuuita wake. Ndiyo maana watu hawakusema "tunakwenda mashineni". Walisema "tunakwenda kwa Lameck". Na alipougua, miaka miwili iliyopita, alimshika mkewe mkono akamwambia neno moja tu kuhusu mali: "Usiiache mashine ife, Mwalimu. Watoto wana kazi zao. Jina letu hapa kijijini ni hiyo mashine."

Dorkasi aliahidi. Na mtu aliyeolewa kwa Chilongani, akiahidi, ameahidi.

Kutimiza ndiko kulikokuwa na miba. Injini ilikuwa imezeeka, inakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka malishoni mwezi wa kumi. Kila bei ya mafuta ilipopanda, Dorkasi alilazimika kupandisha bei ya debe, na kila alipoipandisha alihisi uso wa marehemu ukimtazama kutoka kwenye picha ukutani. Wanawake hawakulalamika mbele yake. Walianza kuja na nusu debe.

Umeme ulikuwa umekwisha kufika Haneti, lakini ulikuwa umeme wa kuwasha taa na kuchaji simu, waya mwembamba usioweza kuzungusha kinu. Mashine ilihitaji umeme wa njia tatu, na huo ulihitaji laini yenye waya zaidi, nguzo zaidi na transfoma yake. Jambo hilo Dorkasi alilifahamu kuliko wengi. Alipoanza kazi alipangiwa Bahi, na kule aliona kwa macho yake nguzo za chuma zikipita juu ya majaruba ya mpunga, ndefu kuliko mnara wa kanisa, zikipeleka umeme mbali, huku yeye chini yake akisahihisha kwa koroboi. Alijifunza mapema kwamba umeme kupita kwako si umeme kufika kwako. Kati ya hayo mawili kuna nguzo, transfoma, na mtu wa kufuatilia.

Basi alifuatilia. Alipanda basi kwenda Dodoma akiwa na bahasha yake ya kaki, akaandika maombi, akasubiri mpimaji, akarudi tena. Wakati wa mgao, umeme ulipokuwa ukikatika kila siku, shemeji yake Bartolomayo alimcheka waziwazi. Dorkasi alikata habari za bwawa la umeme la Rufiji kwenye magazeti akazihifadhi katikati ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Mtambo wa kwanza ulipowashwa aliweka alama ya kalamu. Mitambo yote tisa ilipokamilika, megawati elfu mbili mia moja na kumi na tano, alizisoma kwa sauti mezani kama anayesoma matokeo ya mwanafunzi wake mwenyewe.

"Megawati hazipikwi ugali," Bartolomayo alimwambia.

"Hazipikwi, shemeji. Zinasaga unga wa huo ugali."

Bartolomayo alikuwa kaka mkubwa wa Lameck, mzee mwenye mabega mapana na mkono wa kulia uliopinda kidogo kwenye kiwiko. Mkono huo ulivunjwa na hendeli ya kuwashia injini ileile mwaka 1991, ilipomponyoka na kurudi kwa nguvu, na yeye aliuonyesha kama askari anavyoonyesha kovu la vita. Alikuwa miongoni mwa wanaume sita walioishusha injini kutoka kwenye lori. Siku zote ndiye aliyeiwasha.

Waya za njia tatu zilipofika, mwezi wa nane mwaka huu, Dorkasi alinunua mota na kumwita fundi kutoka mjini. Jumamosi alikuja Zaitun, binti wa miaka ishirini na kitu, amevaa buti na hijabu, ana mkoba wa vifaa mzito kuliko yeye.

"Shikamoo mama. Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu," Dorkasi akajibu. Bartolomayo alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya mashine, mikono nyuma.

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyu aliyekuamkia, babu."

Mzee akasogea pembeni. Zaitun alifanya kazi tangu asubuhi mpaka alasiri. Akaufungua mkanda kutoka kwenye injini, akaifunga mota kwenye msingi wake mpya, akavuta waya. Kabla ya kuufunga mkanda aliijaribu mota ikiwa peke yake, nayo ikazunguka kwa mvumo laini, ila ikazunguka kinyume.

Bartolomayo akapata uhai. "Mnaona? Inarudi nyuma kama punda aliyeona mzigo! Umeme wenyewe haujui njia, nyie mnasema njia tatu!"

Zaitun hakubishana. Akazima, akahakikisha, akafungua kisanduku cha mota, akabadilisha nafasi ya waya mbili tu, akafunga, akawasha. Mota ikazunguka upande unaotakiwa.

"Babu," akasema akipangusa mikono, "punda amegeuka."

Dorkasi aliuma mdomo asicheke. Si vizuri kumcheka shemeji mkubwa mbele ya mgeni.

Lakini Bartolomayo alikuwa ameumia, na si kwa ajili ya punda. Aliuona mkanda uliofunguliwa, ukining'inia kwenye msumari kama ngozi ya nyoka. "Na injini ya ndugu yangu?"

"Kuna mtu anaitwa Ludovick, ananunua vyuma chakavu. Atakuja Alhamisi kuifungua."

"Vyuma chakavu."

"Shemeji, imechoka. Na nyumba hii ni ndogo."

"Umeme ni mgeni, Mwalimu. Mgeni huaga."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Dorkasi akajibu upesi, kama alivyozoea kumjibu mkaguzi wa shule.

"Huyu wako amekuja na mita." Mzee akavaa kofia yake. "Siku mtakayomtoa Lameck humu ndani msinitumie mtu wa kunialika."

Akaondoka. Dorkasi aliyameza maneno hayo yakiwa mabichi.

Jumatatu asubuhi alifungua nyumba ya mashine mwenyewe. Alikuwa ameshaandika tangazo kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima: *Mashine ya marehemu Lameck Chilongani sasa inasaga na kukoboa kwa umeme. Bei imepungua. Karibuni nyote.* Jumapili alibandika moja ofisi ya kijiji na lingine kwenye mlango wa kanisa. Mchungaji alijitolea kulitangaza baada ya ibada, Dorkasi akakataa kwa heshima. Mambo ya biashara ya familia hayapigiwi kelele madhabahuni. Kizuri chajiuza.

Alisaga debe lake la kwanza, mtama wa nyumbani. Ah! Mota ilinguruma chini kwa chini, hata kuku waliokuwa mlangoni hawakushtuka. Angeweza kuzungumza na mtu bila kupandisha sauti. Unga ulitoka mweupe, haunuki mafuta. Akaitazama mita, akapiga hesabu kwa penseli ukutani: kwa bei ya lita moja ya dizeli angesaga zaidi ya mara mbili ya ilivyosaga injini. Akakaa kwenye kigoda kusubiri watu, moyo umejaa.

Hakuja mtu.

Jumanne walikuja watoto wawili wa jirani, wametumwa na mama yao aliyemwona Zaitun akipita. Debe moja. Basi.

Kilichomchoma ni barabara. Kutoka kwenye kigoda chake aliiona njia itokayo korongoni, na saa tatu asubuhi wanawake walitokea pale, madebe kichwani, kumi au kumi na wawili. Dorkasi akasimama, akakung'uta kanga. Wanawake wakafika kwenye mwarobaini wa kona, wakaelekea njia panda, ambako kulikuwa na mashine nyingine, ya dizeli, bei ghali, inayonguruma kama inachimba barabara. Hawakugeuza hata shingo. Mmoja alionekana kuangalia upande wake, kisha akainamisha macho, kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye matanga.

Jioni hiyo hakula. Ndiyo kusema wamenikataa? alijiuliza. Wameona mjane amejifanya mjuaji, kaileta mashine ya mjini, kamfukuza shemeji yake? Je, Bartolomayo amepita akinisema? Aliwaza kwenda nyumba hadi nyumba, akaona aibu. Mke wa Lameck Chilongani kuzunguka vitongojini akiomba watu walete mahindi! Wangesema nini? Kwamba mashine iliyodumu miaka thelathini na sita mikononi mwa mume imekufa kwa mke ndani ya wiki moja. Na wasingekuwa wamesema uongo.

Jumatano, jua likiwa limepanda, akaja mgeni. Alikuwa Bibi Paulina wa ng'ambo ya korongo, mwanamke mwembamba anayetembea na fimbo, ambaye alileta nafaka kwa Lameck tangu mwaka wa kwanza. Hakuwa na debe. Alikuwa na bakuli limefunikwa kitambaa, na upande wa pili wa kanga ameuvuta mpaka kichwani, kama waendavyo kufariji.

"Mbukwenyi," akaamkia kwa Kigogo chao, sauti ya chini.

"Mbukwenyi, bibi. Shikamoo. Karibu ukae."

Bibi Paulina akakaa, akapumua, akamwangalia kwa huruma nzito. "Pole sana, Mwalimu. Pole mwanangu."

"Pole ya nini tena, bibi?"

"Mashine ya marehemu. Tulipoona Jumatatu kimya, tukasema labda dizeli. Jumanne kimya. Nikawaambia wenzangu, basi, imemfuata mwenyewe. Vitu vya mtu huwa vinamfuata." Akafunua bakuli. "Nimekuletea karanga. Si nyingi."

Dorkasi alizitazama karanga za rambirambi. "Bibi, nani amekwambia mashine imekufa?"

"Wa kuniambia nani? Haiiti. Ingekuwa hai ingeita."

"Lakini niliweka tangazo. Ofisi ya kijiji, na kanisani. Limeandikwa vizuri kabisa."

"Lile karatasi? Tumeliona." Bibi Paulina akatikisa kichwa taratibu. "Tulidhani ni tangazo la msiba. Jina la marehemu liko pale juu, anayejua kusoma katusomea, 'marehemu Lameck'. Tukasema, jamani, huyu mama bado analia. Tukaondoka."

Mwalimu Dorkasi, aliyefundisha vizazi viwili vya Haneti kusoma, alifunika uso kwa viganja. Bibi Paulina alidhani analia, akaanza kumpapasa mgongo. Lakini alikuwa akicheka, kicheko kile kinachokuja na machozi yake humo humo. *Mlevi akinyamaza, watu wanakwenda kumwangalia kama bado yu hai.* Mume wake alimwambia. Alimwambia kabisa!

Akamshika bibi mkono, akamwingiza ndani, akawasha mota. Akachota mtama wake mwenyewe akaumimina. Bibi Paulina aliukinga unga kwa kiganja, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Haunuki mafuta," akasema.

"Haunuki. Na bei imeshuka."

"Hii nayo ni mashine?" Akainamisha sikio kuielekea mota, kama anayesikiliza pumzi za mtoto mchanga. "Mbona inanong'ona? Mwalimu, atakusikia nani?"

Swali hilo halikuwa na jibu kwenye bahasha ya kaki. Jibu lake lilikuwa nyumba tatu kutoka pale, limekaa barazani linachonga mpini wa jembe, halijasema naye tangu Jumamosi. Na kesho yake Ludovick alikuwa anakuja na lori.

Njia ya nyumba tatu haijapata kuwa ndefu vile. Dorkasi alitembea akijipanga. Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alilelewa kwamba mwenye akili hajikuti mahali pa kuhitaji kuiomba. Alipofika hakungoja kiti.

"Shemeji, nimekuja kukuomba."

Bartolomayo hakuinua macho kwenye mpini. "Umeme umeaga?"

"Umeme upo, unasaga vizuri. Ila umenitenga na watu. Wamenipa pole, shemeji. Nimeletewa karanga."

Kisu kikasimama. "Karanga?"

"Za rambirambi ya mashine."

Mzee alijitahidi. Mabega yakatikisika kwanza, kisha tumbo, kisha akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Dorkasi akangoja, amesimama wima, akikubali kuchekwa. Alipotulia, akamweleza.

"Injini nataka ibaki. Isisage. Kila asubuhi uiwashe bila mkanda, kopo liite, watu wajue pako wazi. Kisha tuzime, tusage kwa umeme. Kibaba cha dizeli kitatosha wiki. Na siku umeme ukikatika, maana utakatika, tunarudisha mkanda tunaendelea. Nilikosea kutaka kuiuza bila wewe kuwa radhi."

Maneno ya mwisho yalitoka kwa shida kama mwiba wa mgunga. Bartolomayo aliufikicha mkono wake uliopinda.

"Alilifunga mwenyewe lile kopo," akasema. "Nilimshikia ngazi." Kisha: "Ulikwisha kumpa huyo mtu neno lako."

"Nitalirudisha mwenyewe, mbele yake. Si kwa simu."

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bartolomayo alitia maji kwenye pipa la kupozea, akapaka mafuta, akachomeka hendeli. Akakataa kusaidiwa. Akazungusha mara moja, mara mbili, shingo imemtoka mishipa. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Na kule juu kopo, limeshika kutu, likatikisika na kuanza: tuku-tuku-tuku, likapita mapaa, likavuka korongo.

Dorkasi alisimama uani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliisikiliza kelele ile mpaka mwisho.

Bartolomayo aliimba kimoyomoyo beti mbili za wimbo wa asubuhi, ndicho kipimo alichojiwekea, kisha akazima. Wakakaa. Nusu saa, saa nzima. Kisha kwenye njia ya korongoni likatokea debe la kwanza, na nyuma yake la pili, na mbele yao wote Bibi Paulina na fimbo yake, safari hii akiwa amejitwisha. Walifika kwenye mwarobaini wa kona. Hawakuelekea njia panda.

"Haya, wenye mashine!" akaita mmoja. "Imefufuka?"

"Haikufa," Bartolomayo akajibu kwa mikogo. "Ilikuwa inajifunza umeme."

Ludovick alifika foleni ikiwa imefika mlangoni, na lori lake likakosa pa kupita. Alikuwa mtu mnene, mcheshi. Dorkasi akamfuata mpaka kwenye usukani, akamweleza bila kuzunguka kwamba neno alilompa hawezi kulitimiza, na kwa nini.

"Mama, nimetoka Dodoma na winchi!"

"Najua. Ndiyo maana sikukupigia simu, nikakusubiri nikwambie usoni. Kuna mapipa manne matupu, kinu cha zamani cha kukobolea na vipande vya reli nyuma ya nyumba. Chukua. Na gunia lako la mahindi, ukiwa nalo, nitakusagia sasa hivi, bure."

Ludovick akaangalia foleni, akaangalia bomba la moshi na kopo lake. "Hiyo injini ndiyo niliyoisikia kule barabarani? Nikajua nimekosea nyumba. Kitu kinachoita vile mtu haiti chakavu." Akacheka, akazima gari. "Lete hayo mapipa."

Siku hiyo mota haikupumzika mpaka saa tisa. Wanawake waliingia wakishusha sauti bila kuambiwa, kisha wakagundua kwamba wanaweza kuongea ndani ya nyumba ya mashine, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu 1987, wakaongea ya miaka yote. Kila gunia Dorkasi alilikung'uta mpaka vumbi la mwisho. Kwenye ukuta, chini ya hesabu zake za Jumatatu, aliandika uniti zilizotumika. Kisha akaenda ofisi ya kijiji, akaling'oa tangazo lake, akalikunja likaingia kwenye Biblia karibu na bwawa la Rufiji.

Aliporudi, Bartolomayo alikuwa akipangusa hendeli kwa kitambaa, nyusi zake nyeupe kwa unga.

"Kesho saa ngapi, shemeji?"

"Saa kumi na mbili na nusu, kama leo. Na usichelewe," akasema Mwalimu Dorkasi, akimsogezea bakuli. "Zile karanga zimeisha nusu, na sitaki kuletewa nyingine."